Siku Niliyoikata Barabara

Mwezi uliopita nilirudisha koti la njano, kofia ngumu ambayo haikuwahi kunitosha kichwani, na jembe moja lenye mpini mpya. Jembe hilo nimelibadilishia mpini mara nyingi sana, hata sina hakika kama bado ni lile nililopewa. Bwana wa depo aliandika kwenye kitabu chake kwamba vitu vyote vimerudi katika hali nzuri. Huo ulikuwa uongo mdogo wa mwisho niliouacha kazini. Ule mkubwa nitauandika humu, kama mutakuwa na subira.

Nyinyi kantonye wapya, watunza barabara mulioingia juzi, mumeniomba niwaandikie jinsi kazi ya barabara ilivyokuwa zamani. Habari za vyeo sitaandika. Nilipandishwa mara moja tu, na ilikuwa ni kwa sababu wote waliokuwa mbele yangu walizeeka. Nitaandika juu ya barabara yetu inayopanda kutoka Sake kuelekea Masisi na kuendelea hadi Walikale, na zaidi juu ya ule upande wetu karibu na Kingi, ambapo nimechimba mifereji tangu watoto wangu wakiwa mgongoni.

Nilizaliwa Ngungu, nikaja Kingi kwa ndoa. Walipotangaza kwamba wanatafuta watu wa kutunza barabara, nilikwenda na jembe langu la shambani begani. Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye mstari. Kapita wetu, msimamizi wa kazi, alikuwa Papa Mashauri, mtu mfupi, mwenye maneno machache, aliyetembea akitazama chini muda wote kama mtu aliyeangusha sindano. Siku ile ilikuwa inanyesha. Alilichukua jembe langu, akaliegemeza kwenye mti wa ekaliptusi.

“Leo hautashika jembe,” aliniambia. “Utaangalia maji.”

Alinisimamisha kwenye kona moja, na pale nilisimama mpaka jioni huku wanaume wakipita na kucheka. Kazi ilipoisha alirudi akaniuliza maswali matatu: maji yametoka wapi, yamekwenda wapi, na yamesitasita wapi. Mawili niliyajibu. La tatu sikulielewa hata kidogo. Akasema kesho nisimame pale pale. Siku ya tatu ndipo nilipoona mahali ambapo chini ya mufereji palikuwa pameinuka kidogo, kiasi cha unene wa kiganja. Pale maji yalipunguza mwendo, yakaacha matope yao, na kutoka pale yalikuwa yameanza kutafuta njia ya kupanda barabarani. Nilimwonyesha. Papa Mashauri akanirudishia jembe. Kwake yeye, hiyo ilikuwa sherehe kubwa.

Kuhusu vyombo vya kazi, nyinyi muna bahati. Sisi tulikuwa na majembe, sururu, kupe-kupe za kufyeka majani, na mti mrefu wa kuzibua buse, yaani yale mabomba makubwa yanayopitisha maji chini ya barabara. Kipimo chetu kilikuwa chupa iliyojaa maji nusu. Unailaza juu ya ubao, unaangalia maji yameegemea upande gani. Siku hizi mumeletewa mashine ya miguu mitatu yenye jicho la kioo, na nasikia ni nzuri. Lakini chupa haikuhitaji betri, tena saa sita tulikunywa kipimo chetu na kukijaza upya kwenye kijito.

Chombo kilichonipa maadui wengi kilikuwa barieri ya mvua. Munaijua: mti uliolazwa njiani, jiwe likifungwa upande mmoja. Mvua kubwa ikinyesha unafunga, magari yanangoja udongo ukauke, la sivyo yanachimba mitaro mirefu na barabara inakwisha. Kila dereva wa lori ana sababu yake ya kupita. Mumoja aliniapia kwamba amebeba mgonjwa mahututi. Nikazunguka nyuma, nikafunua turubai, nikakuta kreti za bia. Nilimwomba aniambie jina la ubatizo la mgonjwa. Tulikaa pale sote saa nne, naye mwishowe akanigawia viazi vyake vya kuchoma. Papa Mashauri alikuwa akinionya kwamba ukimfungulia mumoja kwa huruma, kesho utaziba mashimo ya wote. Alipostaafu aliniachia ufunguo wa kibanda cha vyombo na lile onyo. Ufunguo niliutunza vizuri zaidi.

Sasa niingie kwenye kiangazi.

Sisi watu wa Masisi tulikuwa tukitania kwamba tuna majira mawili, mvua na mvua nyingi. Kisha mvua ikakosa msimu mmoja, ikakosa na uliofuata. Majani ya malisho kwenye vilima yakawa na rangi ya mukeka wa zamani. Bido za maziwa, yale madumu yaliyobebwa mgongoni, zilizoshuka kila asubuhi kwenda Sake zikapungua, halafu zikaacha kushuka. Viazi vilitoka ardhini vikubwa kama gololi. Sisi kantonye tulibaki na kazi ya vumbi. Barieri ilisimama wima miezi mingi, na mke wa jirani akawa anaanikia nguo kwenye kamba yake. Kwa sababu mifereji ilibakia na unyevu kidogo, watu walianza kupanda maharagi ndani yake. Niliwaacha. Ningemfukuzaje mama mwenye njaa kwenye mufereji ambao haujapitisha maji tangu Pasaka ya mwaka uliopita?

Papa Gasana alinijia wakati huo. Alikuwa mufugaji wa huko juu kwenye malisho, mzee mrefu, mkristo wa kanisa moja nasi. Miaka yote alipopita na maziwa yake alitumiminia kikombe kimoja, tukizungushiana. Siku hiyo alikuja mikono mitupu, kofia ameishika mbele ya tumbo. Aliniambia ngombe wake wanatembea nusu siku kufika mtoni, na kila safari mumoja ao wawili hawarudi. Kwenye bonde dogo lililo kabla ya kufika Kingi, barabara inapita juu ya tuta la udongo, na chini ya tuta kuna buse. Kijito cha pale kilikuwa bado kinatoa uzi mwembamba wa maji. Alitaka kuziba mdomo wa buse kwa mawe na udongo, ili maji yajikusanye, wanyama wanywe.

“Mama Sifa, si ya siku mingi,” alisema. “Mvua ikitoka Walikale tutaiona inakuja. Tutabomoa mbele haijafika.”

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Nilifikiri siku mbili. Nilijua kabisa kwamba buse haizibwi, hata kwa kofia. Siku ya tatu nilikwenda, nikawakuta yeye na wanawe wanarundika mawe ovyo ovyo, maji yakipita katikati. Nikavua viatu, nikawaonyesha: mawe makubwa chini, udongo mufinyanzi katikati, majani ya mugomba ndani yake, kisha kushindilia. Nilijenga vizuri. Ubaya wake ulikuwa huo.

Baada ya wiki moja kulikuwa na kidimbwi. Ngombe walinyweshwa upande wa juu, akina mama walichota upande wa mwamba. Mimi nilipita pale kila siku na kujisikia mtu wa maana. Biro yetu, ofisi ya barabara, ilikuwa mbali, na hakuna aliyeuliza.

Kisha manyunyu yakarudi, ya kwanza mepesi, ya kulowesha vumbi tu. Watu wakapanda haraka. Nilimwambia Papa Gasana tubomoe. Akaomba wiki moja, malisho bado hayajaota. Nikampa. Wiki iliyofuata nilikuwa mimi mwenyewe niliyesema hakuna haraka, kwa kuwa akina mama walinilalamikia kwamba wakikosa kidimbwi watarudi kutembea mbali. Munaona jinsi mtu anavyoingia.

Mvua kubwa haikutoka Walikale. Ilitoka upande wa ziwa, kule chini Sake, ikatujia mgongoni, siku ya Bwana saa ya kutoka misa. Nimeona mvua nyingi maishani, lakini ile ilianguka juu ya ardhi iliyokuwa imekauka kama tofali, na ardhi haikunywa hata tone. Vilima vilimwaga kila kitu chini. Nilikimbia na nguo ya kanisa hadi kwenye kibanda, nikachukua vyombo, nao kantonye wanne wakanifuata.

Tulipofika bondeni, kidimbwi kilikuwa ziwa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamepanda karibu na usawa wa barabara, yakizungusha magogo ya migomba na mti mzima wa ekaliptusi wenye mizizi. Mdomo wa buse ulikuwa chini sana, zaidi ya urefu wa mtu, na juu ya ukuta wangu mzuri yalikuwa yamerundikana matawi na matope. Tulisukuma ule mti mrefu wa kuzibulia mpaka ukavunjika. Kisha nikashuka upande wa pili wa tuta, upande mukavu, nikaweka kiganja changu chini kabisa kwenye udongo. Ulikuwa unatoa jasho. Maji yalikuwa yameanza kupenya ndani ya tuta, na tuta likianza hivyo haliondoki kidogo kidogo. Linaondoka lote.

Chini ya bonde lile kulikuwa na nyumba, na senta ya afya yenye chumba cha uzazi. Papa Gasana alikuwa amefika, kofia imepotea, uso umebadilika. Nilimtuma yeye na wanawe kuteremka kutoa watu. Alirudisha habari kwamba senta ina mama watatu waliozaa, na mumoja yuko katikati ya kuzaa, hawezi kuguswa.

Kulikuwa na njia moja. Mwisho wa tuta, pale barabara inapogusa kilima, upande wa pili kuna mteremko unaoingia kwenye korongo lisilo na mtu. Tukiikata barabara pale, maji yangekwenda huko. Lakini mteremko ule ulikuwa shamba la Mama Tuombe.

Mama Tuombe ni mjane wa pale Kingi, wa familia iliyolima kilima kile tangu kabla barabara haijakuwepo. Nilijua kwamba wakati wa njaa alikuwa ameficha mbegu za maharagi ndani ya mutungi na kukataa kuzipika, hata watoto walipolia. Siku kumi kabla ya hapo alikuwa amezipanda zote. Alipotuona na sururu mwisho wa tuta alikuja mwenyewe, amejifunika gunia kichwani. Nilimweleza upesi: maji, tuta, senta, mama anayezaa. Nikamwambia tunataka kukata hapa, na shamba litakwenda. Kuhusu ukuta sikusema neno.

Aliangalia shamba lake. Maharagi yalikuwa yametoka majani mawili mawili, kijani kibichi, mistari imenyooka. Mimi nilikuwa nimeinua sururu na mikono ilikataa kuishusha. Sikuweza kupiga kabla hajajibu, na hapakuwa na muda wa kumngoja.

“Pale unasimama kuko mwamba chini,” alisema mwishowe. “Mutapiga mpaka kesho. Mukuje huku.”

Alitembea hatua kumi hivi, akasimama, akakanyaga ardhi kwa mguu.

“Hapa njo bwana yangu alikuwa anavundikaka ndizi. Shimo tuliijaza na udongo tu. Hapa iko laini.”

Kisha akampokonya mumoja wetu jembe na kupiga wa kwanza.

Tulichimba sote sita. Kipande kile cha barabara nilikuwa nimekijaza changarawe kwa mikono yangu katika mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nalijua kila jiwe, na sasa nilikuwa nayatupa bondeni kama adui. Maji yalipopata nafasi yalipita kwanza kama kidole, halafu kama mkono, halafu yaliniondolea sururu na nikavutwa nyuma kwa kitambaa cha kiunoni. Barabara ilifunguka kama nguo iliyochanika. Kelele yake ilizima hata mvua. Mistari ya maharagi ilikwenda yote, na udongo wake, na uzio, na mgomba mumoja uliokuwa umesimama wima ukisafiri.

Tuta lilibaki. Nyumba mbili za chini kabisa ziliingiwa na maji hadi dirishani, na watu wake walikuwa wameshatoka. Kwenye senta mtoto alizaliwa kabla ya jua kutua, mtoto wa kike. Kwingine siku ile, huku chini na kule Walikale, mito ilichukua watu. Sitaandika hesabu ambayo sikuihesabu mimi.

Barabara ilikaa imekatika wiki nyingi. Malori yalisimama pande zote mbili na mizigo ikavushwa migongoni. Akina mama waliweka pale chai na mandazi, akatokea na kinyozi, na siku tuliyomaliza kuijaza mawe na kufungua njia wako walionuna. Kama mutapita pale, mutaona rangi ya udongo inabadilika kwa urefu wa lori moja. Hapo ndipo.

Biro iliniletea barua ya kuomba maelezo, kwa nini kantonye amekata barabara aliyopewa kuitunza. Swali lilikuwa la haki. Niliketi mezani, nikaandika kwamba buse iliziba kwa matawi na matope yaliyoletwa na mvua, tuta likawa hatarini, nikakata kuokoa watu. Kila neno lilikuwa kweli. Ukuta haukuwemo. Baada ya mwezi walinijibu kwa karatasi yenye muhuri, wakinisifu kwa uamuzi wa haraka. Walitaka niitundike ukutani. Niliitia ndani ya Biblia, kwenye kitabu ambacho sikisomi.

Papa Gasana alikuja akaniambia kwamba yeye atakwenda biro kusema ni nani aliyeomba buse izibwe. Nilimkataza. Nilimwambia atawaletea wafugaji wote ubaya, watu watasema ngombe njo walileta maji. Jambo hilo lilikuwa kweli, na lilinifaa pia mimi. Hakubishana. Alipanda kwake, na wiki ile ile akateremsha ngombe wake hadi kwenye mteremko uliosombwa, pale palipobaki mawe na udongo mwekundu. Akawalaza pale msimu mzima, wakiacha mbolea, akiwahamisha hatua chache kila siku chache mpaka wakafika korongoni. Mwenyewe alikaa kando na fimbo yake. Majirani walishangaa, kwa kuwa huko kwetu mufugaji na mulimaji wanaonana zaidi kwa mashitaka. Mama Tuombe hakumuuliza. Alimpelekea kiti.

Papa Gasana amefariki sasa, amani iwe naye. Tangu siku ile nilipitisha mkono wangu ndani ya kila buse ya upande wetu kabla ya kila msimu, kiangazi kiwe kirefu ama kifupi. Ninawaomba nanyi mufanye hivyo. Muking'oa maharagi ya mtu kwenye mufereji mutatukanwa. Muyang'oe, kisha mukamsaidie kuyapanda mahali pengine. Hiyo ya pili ndiyo niliyochelewa kuijua.

Juma lililofuata siku ya kurudisha koti, nilikwenda kwa Mama Tuombe. Sikuwa na sababu yoyote ya kikazi. Shamba lake limesimama tena, udongo mweusi, maharagi yamekwisha kung'olewa na kuanikwa uani. Alikuwa amekaa juu ya mukeka anaambua. Nilisimama, nikamwambia yote: kwamba ukuta niliujenga mimi, kwamba nilikuwa na wiki mbili za kuubomoa na sikubomoa, kwamba siku ile nilikuwa najua wakati nikimwomba shamba, na sikumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, na nusu yake yalinipotea.

Aliendelea kuambua mpaka nikamaliza.

“Mama Sifa,” alisema, “nilikuwa nachota maji pale kila asubui. Ulifikiri mimi nafikiri inatoka wapi?”

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema siku ile, mbele ya watu, wakati bado ningeweza kuaibika vizuri.

“Ningesema nini? Ndoo yangu ilikuwa ya kwanza.” Akasukuma rundo la maganda katikati yetu. “Sasa hauna kazi. Ikaa, tuambue.”

Nikakaa. Yalikuwa maharagi mengi, na tulikuwa bado hatujayamaliza jua lilipoingia nyuma ya kilima.